Redio ya dashibodi kwenye gari la kulala: ichukue umeme betri gani?

Gari likishageuzwa nyumba, redio ya dashibodi inabadilika kazi. Mchana ni ya safari, lakini jioni, mkishaegesha chini ya mgunga na wali uko jikoni, ndiyo inayoleta taarifa ya habari, mechi, na taarabu ya kulazia watoto. Aliyetengeneza gari hakuliwazia hilo. Yeye aliifunga redio kwenye betri inayowasha injini, akijua injini itakuwa inaunguruma muda wote unaposikiliza.

Nimefunga redio kwenye Land Cruiser zenye hema juu, kwenye HiAce zilizogeuzwa vyumba, na kwenye Coaster ambazo wenyewe waling'oa viti wakaweka kitanda na friji. Kazi hii niliitilia maanani hasa siku nilipopigiwa simu na familia iliyokwama upande wa Ziwa Eyasi: baba, mama na watoto wawili. Walisikiliza mechi ya Simba na Yanga kuanzia saa kumi na moja jioni, muziki ukafuata, wakapitiwa na usingizi. Saa kumi na mbili asubuhi stata ikatoa mlio mmoja wa "tik", ikanyamaza. Walikaa juani hadi lori la vitunguu kutoka Mang'ola lilipopita, dereva akawabusti. Redio ile niliifunga mimi, vizuri kabisa kwa gari la kawaida. Kwa gari la kulala nilikuwa nimekosea.

Redio peke yake isingemaliza betri ile. Kilichoimaliza ni ufunguo. Ulikuwa kwenye ON, hatua inayowasha mifumo yote ya gari, si kwenye ACC, hatua ya redio na vifaa vidogo. Ukiwa ON na injini imezimwa, taa za dashibodi zinawaka, koili inayofungulia dizeli kwenye pampu inavuta umeme, na kwa baadhi ya magari alteneta, ile jenereta inayochaji betri, nayo inavuta. Saa kumi na tatu za namna hiyo zinatosha kuimaliza betri ya amperi-saa 70, tena ile ilikuwa na miaka mitatu. Kwa hiyo lengo letu ni kumwezesha mtu asikilize redio jioni bila kuugusa ufunguo, na bila kuigusa betri ya injini.

Hatua ya 1: Jua gari lako ni la volti ngapi

Usikisie kwa kuhesabu betri. Gari lenye betri mbili linaweza kuwa la volti 12 au la volti 24. Tazama waya unaoziunganisha: ukiona chanya imefungwa kwa chanya na hasi kwa hasi, hiyo ni volti 12 yenye akiba kubwa. Ukiona chanya ya moja imeingia kwenye hasi ya nyingine, hiyo ni 24. Kisha thibitisha kwa mita ya umeme, kutoka kwenye waya mnene unaokwenda kwenye stata hadi kwenye bodi, yaani bati la gari. Land Cruiser nyingi za huku ni volti 12, lakini kuna zilizotoka Japani zikiwa na 24. Coaster na Rosa nyingi ni 24.

Kama gari lako ni la 24, soma aya hii mara mbili. Redio ni ya volti 12, na kuna mtindo umeenea sana kwenye mabasi madogo: fundi anachukua waya wa redio pale katikati, kwenye chanya ya betri ya chini (ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi), anapata volti 12 bila gharama. Redio inalia, mteja anafurahi. Lakini alteneta inazichaji betri hizo mbili kwa mkondo mmoja, inazipa sawasawa, na redio inakula kwenye moja tu. Ile ya chini kila siku inabaki na deni. Ile ya juu kila siku inapewa zaidi ya inavyohitaji, maji yake yanachemka na kukauka. Moja inakufa njaa na nyingine inakufa kwa kushiba, kisha mwenye gari analaumu duka la betri. Usichukue umeme katikati, hata wa saa ndogo ya ukutani.

Hatua ya 2: Zitambue nyaya tatu

Nyuma ya redio uliyonunua kuna nyaya nyingi, nyingi zikiwa za spika. Kwenye umeme tunazitaka tatu. Wa njano ni wa kudumu: unatunza stesheni ulizoweka, saa, na kwa redio nyingi za sasa ndio unaobeba mzigo wote wa sauti. Mwekundu ni wa kuamsha. Redio ikiona volti 12 hapo, inawaka. Mweusi ni hasi, unakwenda kwenye bodi. Ule wa bluu ni wa antena au ampli. Huo unatoa umeme, haupokei, kwa hiyo usiupe chochote. Usipouhitaji, ufunike ncha.

Upande wa gari rangi ni nyingine. Kwenye Toyota, katika ile plagi ya pini 10, wa kudumu kwa kawaida ni wa bluu wenye mstari wa njano, wa ufunguo ni wa kijivu, na hasi ni wa kahawia. Kwenye magari ya Ulaya yenye plagi ya ISO, pini ya 4 ni ya kudumu, ya 7 ni ya ufunguo na ya 8 ni hasi, ingawa kuna Volkswagen ambazo 4 na 7 zimebadilishana. Gari lililopitia mikono mitatu ya mafundi linaweza kuwa na rangi yoyote mahali popote, kwa hiyo washa mita, toa ufunguo, pima. Weka ufunguo ACC, pima tena. Waya wenye volti 12 (au 24, kama gari ni la 24) mara zote mbili ni wa kudumu. Wenye umeme huo mara ya pili tu ni wa ufunguo.

Redio za zamani zina tofauti moja muhimu: mzigo wa sauti hupita kwenye mwekundu, na njano ni ya kumbukumbu tu. Utaijua kwa unene. Ukiona mwekundu ni mnene kuliko wa njano na ndio wenye kibebeo cha fyuzi, basi ni hiyo.

Kama redio ni ile iliyokuja na gari na ina namba ya siri, iandike namba hiyo kabla hujalegeza chochote. Baadhi zikikosa umeme zinajifunga.

Hatua ya 3: Pima inakula kiasi gani

Maneno ya "4 × 50W" kwenye boksi yasikutishe. Huo ni upeo wa sekunde chache. Weka mita kwenye tundu la amperi 10, ipitishe kwenye waya wa njano, usikilize kama unavyosikiliza jioni. Redio ya kawaida kwa sauti ya mazungumzo huwa kati ya amperi 1 na 2. Skrini kubwa ya Android inapanda zaidi, kwa sababu hiyo ni kompyuta yenye spika. Mita ikiwa hapo, kamwe usiwashe injini kupitia kwayo kama umeiweka kwenye waya wa betri: stata inavuta mamia ya amperi na mita itaungua.

Zidisha kwa saa. Amperi 2 kwa saa tano ni amperi-saa 10. Betri ya maji ya amperi-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 50 za kutumia, na redio imechukua 10 kati ya hizo. Friji ndiyo itakayochukua zilizobaki. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo inakuruhusu 80 au zaidi.

Kisha zima redio na upime tena, maana kuna ulaji wa usiku na mchana ambao watu hawauoni. Redio nzuri iliyozimwa inakula miliamperi chache. Nimekutana na skrini zinazojifanya zimelala huku zinakula mara kumi ya hapo. Miliamperi 20 kwa siku 30 ni amperi-saa 14. Gari linaloegeshwa miezi miwili nyumbani kusubiri likizo linazihisi hizo.

Hatua ya 4: Chagua njia

Nachukulia gari lako lina betri ya pili, ile ya nyumba: ya taa, pampu ya maji, friji na kuchaji simu. Kama huna, njia yako ni moja: betri ya injini, ufunguo kwenye ACC na si ON, na saa moja au mbili kwa jioni basi.

Njia ya kwanza ni kuacha kila kitu kwenye betri ya injini. Inamfaa anayelala nje usiku mmoja mmoja na kuendesha kila siku. Hakuna kazi ya ziada. Lakini ufunguo utakaa kwenye swichi jioni nzima, na ufunguo ulio kwenye swichi mtu yeyote anaweza kuondoka nao, pamoja na gari.

Njia ya pili ni kuhamishia kila kitu kwenye betri ya nyumba, na mwekundu kuupitishia kwenye swichi yake ndogo ya dashibodi. Hii ni safi na rahisi kuirekebisha. Kero yake ni kwamba redio haijui habari za ufunguo: unazima gari, unashuka kwenda sokoni, redio inaendelea kuimba peke yake.

Njia ya tatu ni ya kugawa: njano kwenye betri ya nyumba, mwekundu ubaki kwenye ufunguo. Wengi huidhani suluhisho. Mzigo umehamia kwenye betri ya nyumba, kweli, lakini bado huwezi kusikiliza bila ufunguo, na ufunguo ukiteleza hadi ON tumerudi Eyasi.

Halafu ipo ile ambayo naiona ikifanywa na inanikosesha amani: fundi anaunganisha waya mwekundu wa ufunguo na waya unaotoka betri ya nyumba, vyote viwili kwa pamoja, ili redio iwake kwa lolote kati ya hayo. Ukizima ufunguo, umeme wa betri ya nyumba unarudi nyuma kupitia waya huo na kuingia kwenye kila kitu kinachotegemea ACC: kiwashio cha sigara, vioo na vinginevyo. Waya mwembamba wa redio sasa unabeba mzigo ambao haukupimiwa. Ukibahatika fyuzi itakatika. Usipobahatika, utanusa plastiki.

Ninayoifunga mimi ni ya nne, na ndiyo ninayokushauri. Njano na mwekundu zote zinakula betri ya nyumba. Mwekundu unapewa milango miwili: mmoja ni rilei (swichi inayojifunga koili yake ikipata umeme) inayoamshwa na ufunguo, mwingine ni swichi ya kambini. Ukiwasha gari, rilei inabana na redio inawaka. Ukizima, inazima. Jioni unabonyeza swichi, ufunguo uko mfukoni, redio inawaka. Umeme wa ufunguo unaishia kwenye koili ya rilei tu, haukutani kabisa na umeme wa betri ya nyumba, kwa hiyo hakuna kinachoweza kurudi nyuma. Koili yenyewe inakula kama amperi 0.15, na ni wakati ufunguo ukiwa ACC au ON tu.

Uzuri wake mwingine ni kwa wenye Coaster. ACC yao ni volti 24, na ukiipeleka moja kwa moja kwenye waya mwekundu wa redio umeiua. Lakini ukinunua rilei yenye koili ya volti 24, hiyo 24 inaamsha koili na mguso unapitisha 12 ya betri ya nyumba. Hakuna haja ya kibadilisha volti kwa ajili ya redio. Kama betri yako ya nyumba nayo ni ya 24, hapo kibadilisha volti cha 24 kwenda 12 cha amperi 10 au 15 kinahitajika, na upime nacho kinakula kiasi gani kikiwa kimekaa bure, maana waya wa njano utakifanya kiwe hai saa zote.

Hatua ya 5: Funga

Anza na spana namba 10. Legeza hasi ya betri ya injini, kisha ya nyumba. Hasi kwanza kila siku: spana ikigusa bodi ukiwa kwenye hasi hakuna kitu, ikigusa bodi ukiwa kwenye chanya utaona cheche ya kuchomelea.

Kutoka chanya ya betri ya nyumba weka fyuzi ya amperi 15, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye betri. Fyuzi iliyo mbele kwenye dashibodi inailinda redio, haiulindi waya. Waya ukichunika chini ya kitanda katikati ya njia, fyuzi ya mbele haijui.

Unene wa waya hapa ni muhimu kuliko kwenye gari la kawaida, kwa sababu betri ya nyumba mara nyingi iko nyuma. Chukua mita 6 kwenda na 6 kurudi. Waya wa milimita 1 ya mraba kwa umbali huo una ohmu 0.21, na redio ikivuta amperi 10 kwenye besi kali inapoteza zaidi ya volti 2 njiani. Betri ina 12.4, redio inaona 10, inazima na kuwaka kama inayosinzia. Wa milimita 2.5 unapoteza 0.84, wa milimita 4 karibu nusu volti. Nunua wa 4. Tofauti ya bei kwa mita sita hailingani na kung'oa dashibodi mara ya pili. Upitishe ndani ya bomba laini la plastiki, na kila unapopenya bati weka mpira, kwa sababu barabara ya vumbi yenye mawimbi itaifanya ile kingo ya bati kuwa msumeno.

Ukifika kwenye dashibodi, waya huo unaingia kwenye njano. Hapohapo toa tawi lenye fyuzi ya amperi 3, au 10 kama redio yako ni ya zamani inayobeba mzigo kwenye mwekundu. Tawi linaingia pini ya 30 ya rilei na mguu mmoja wa swichi ya kambini. Pini ya 87 na mguu wa pili wa swichi vinaungana na kwenda kwenye mwekundu wa redio. Pini ya 86 inapokea ule wa kijivu wa ufunguo, ya 85 inakwenda kwenye bodi. Ule waya wa kudumu wa gari ambao sasa hautumiki, ufunike vizuri. Bado una moto. Chagua swichi yenye taa, uone usiku kama umeisahau.

Nyaya zibanwe kwa vichwa na koleo lake. Kusokota na kuzungushia tepu kunafaa siku ya kwanza tu. Joto la dashibodi linalainisha gundi, tepu inafunguka yenyewe.

Mweusi ukafungwe kwenye bati tupu lililokwanguliwa rangi, na betri ya nyumba nayo lazima hasi yake iwe imefungwa kwenye chesi kwa waya mnene. Hili likikosekana, redio inatafuta njia ya kurudishia umeme na mara nyingi huipata kwenye ganda la waya wa antena. Utaijua: redio inapoteza stesheni ukiongeza sauti.

Neno kuhusu kontrola ya sola, kile kifaa kinachodhibiti chaji kutoka paneli kwenda betri. Nyingi zina tundu la kutolea umeme lenye alama ya taa, linalojikata betri ikishuka sana, na ni jambo zuri kuipitishia redio hapo. Lakini nyingi za bei nafuu hukata upande wa hasi. Redio ya gari ina hasi yake kwenye bodi kupitia antena hata ukiutoa mweusi, kwa hiyo kinga hiyo haifanyi kazi: kontrola inakata, redio inaendelea kula. Pima kama hasi ya tundu hilo na hasi ya betri ni kitu kimoja hata tundu likiwa limezimwa. Kama si kimoja, tumia kifaa tofauti cha kukata kinachokata chanya.

Hatua ya 6: Sikiliza kelele

Washa injini. Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mafuta unatoka kwenye alteneta, na tisa kati ya kumi tiba yake ni hasi: kwangua tena, kaza tena. Kama injini imezimwa na FM inakoroma, zima inveta, kisha taa za LED, kisha kontrola, kimoja kimoja, ukisubiri kidogo kila mara. Kikipatikana, kisogeze mbali na waya wa antena au bana kipete cha feraiti (pete ya kuzuia kelele za umeme) kwenye nyaya zake.

Hatua ya 7: Lala nayo usiku mmoja nyumbani

Kabla ya safari, fanya jaribio uani. Endesha gari, zima, subiri saa tatu ili volti zitulie, kisha pima betri zote mbili uandike. Betri ya maji iliyojaa itasoma 12.6 hivi; 12.2 ni nusu. Ya lithiamu hukaa karibu 13.2 muda mrefu na haikuambii mengi, kwa hiyo soma kipimo chake chenyewe. Washa redio kwa swichi ya kambini, sikiliza saa nne, zima, lala. Asubuhi pima tena kabla hujagusa ufunguo. Ya nyumba itakuwa imeshuka, na hiyo ndiyo kazi yake. Ya injini ikiwa imeshuka zaidi ya volti 0.1, bado kuna waya unaoinyonya, na pa kuanzia kutafuta ni pini ya 86.